Mayu Ndani ya Kofia

5 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, ikaacha harufu ya vumbi lililolowa hadi ndani ya kabati la nguo. Nami nimepata kazi. Tangu redio yetu ya mjini ifungwe, hakuna aliyewahi kuniuliza kama sauti yangu ina faida yoyote. Sasa kampuni imenitafuta yenyewe. Bwana aliyekuja anaitwa Xavery, mtu wa Bukoba, mpole, viatu vinang'aa. Anasema alinisikia zamani nikisoma matangazo ya vifo.

"Ulikuwa unatangaza msiba, mtu anajiona kama amefunikwa shuka," akaniambia.

Sikujua nishukuru au nikasirike.

Kazi ni kusoma sentensi kwa Kinyamwezi mbele ya kipaza sauti, kwenye nyumba waliyopanga mtaa wa Itetemia. Eti ni mtambo wa kuzungumza na wagonjwa walio mbali na kwao. Nilimwuliza kwa nini Kinyamwezi. Akacheka: "Nyinyi mmetapakaa kila mahali. Tumeanza na nyinyi."

Mume wangu Octavian amefurahi kuliko mimi. Hilo naliandika makusudi.

8 Novemba

Mvua. Mkaa umelowa. Nimepika kwa moshi.

14 Novemba

Chumba cha kurekodia kimezibwa kwa magodoro kuta zote nne. Fundi wao ni mgeni, haongei na mtu, anavaa vidude vya masikioni hata wakati wa kula. Leo nimesoma: Umefika? Pumua. Kunywa maji. Niko hapa. Mguu wako upo, usiutazame. Kila sentensi naisoma kwa namna tatu: kawaida, kwa upole, halafu kama ninayemwamsha mtoto wa shule. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoipenda.

Nilipotoka niliuliza ni wagonjwa wa nini. Xavery alisema, "Wa aina zote." Mtu mwenye jibu halisemi hivyo.

27 Novemba

Mwenye nyumba ile ni Bi Tufaha, mjane, wa wale Waarabu wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara wakabaki. Nimemkuta langoni na mwavuli. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya kazi gani humo ndani?"

"Nasoma tu, Bi."

"Unasoma nini?"

Nikamwambia ni mambo ya hospitali. Akanitazama muda mrefu, akaniuliza tena kama hakusikia. Nimerudi nyumbani nikiwaza kwamba kampuni imemweka pale kutupima midomo. Kesho nitapita upande wa nyuma.

3 Desemba

Kornel ameondoka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, hana hata ndevu za kushika. Amepata ulinzi wa bandari nje ya nchi, yeye na vijana wengine wa Nzega na Igunga. Wakala ni nani? "Watu wa mjini." Mkataba uko wapi? "Upo kwao." Mama amemfungia michembe kwenye mfuko kama anayekwenda shule ya bweni. Nilimwambia bandarini hakuna anayekula viazi vikavu. Kornel akauchukua mfuko kwa mikono miwili.

Octavian ndiye aliyemsindikiza stesheni kwa pikipiki. Aliporudi hakutaka maswali.

12 Desemba

Sentensi zimekwisha, anasema Xavery. Sasa wanataka hadithi. "Simulia mambo ya utotoni kwenu Ntalikwa, chochote kile. Mtambo unahitaji kujifunza unavyocheka, unavyosita." Nimewasimulia habari ya mbuzi wa baba aliyeingia kanisani siku ya kipaimara akala maua ya altare. Nimesimulia kisima, na Kornel alivyojificha ndani ya kihenge cha mahindi tukamtafuta mchana kutwa. Nilicheka mwenyewe. Fundi hakucheka, alitazama mistari yake kwenye kioo cha kompyuta.

Njiani nilijiona kama niliyesahau kufunga mlango wa nyumba.

25 Desemba

Noeli. Kornel amepiga simu. Baridi kali, chakula kipo, mama asiwe na wasiwasi. Alizungumza Kiswahili tu, kama anayesoma, na kuna mtu alikuwa anapumua karibu naye. Nilipomsemesha Kinyamwezi simu ikakatika.

29 Desemba

Uyoga umejaa barabarani. Nimepika na karanga. Octavian amekula bila kuniangalia.

2 Januari

Leo tumerudi kwenye sentensi: Inuka. Usimtazame. Mwache, ameshakwenda. Endelea. Inuka tena.

Niliweka karatasi chini. "Bwana Xavery, mgonjwa gani anaambiwa amwache mwenzake?"

"Ni mazoezi ya viungo, Mama Julieth. Wanafanya kwa makundi."

Alisema bila kupepesa. Nikasoma. Naandika hapa kwamba nilisoma, kwa namna zote tatu.

2 Februari

Asubuhi nilikwenda gengeni kwa Koleta kuchukua nyanya. Mwanawe Shukrani amerudi juzi kutoka nje, mkono wa kushoto hauna kitu kuanzia kwenye kiwiko. Winchi, anasema Koleta, alibanwa na winchi bandarini. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, amenipa mgongo. Koleta alikosea chenji, akawa anageukia mteja mwingine, nami nikamwambia kwa kikwetu, "Subiri kwanza."

Shukrani akalala chini. Hakuanguka: alijilaza mzimamzima kwenye tope, uso ardhini, mkono mmoja juu ya kichwa, kimya. Nyanya zikabiringika juu yake. Mama yake akapiga kelele kwamba ni kifafa. Lakini nilimwona jicho. Lilikuwa limefunguka, linanisubiri niseme jambo la pili.

Nimekimbia hadi nyumbani nikaacha kikapu.

3 Februari

Nimekwenda kwao saa nne, Koleta yuko gengeni. Shukrani alikuwa barazani. Nilikaa mbali, nikaongea Kiswahili, kwa sauti ya chini kabisa. Naandika alivyoniambia.

"Shikamoo," alianza, kisha akasita. "Sijui nikuite nani."

"Mimi ni Mama Julieth, unanijua tangu unatambaa."

"Najua. Lakini kule tulikuwa tunakuita Mayu."

Mayu ni mama, kwa lugha yetu. Nikamwuliza kule ni wapi.

Kule hakuna bandari. Ni vita ya watu wengine, kwenye nchi ya theluji, na kampuni imekodishwa kupigana upande mmoja. Hajui vizuri ni upande gani, maana bendera ilibadilishwa katikati. Kila mmoja anavalishwa kofia. Kofia inasikiliza moyo wako, inajua ukiogopa, inajua ukitaka kukimbia, na inaongea. Mwanzo iliongea Kiswahili cha mtu asiyejulikana, nao walikuwa wanaidharau, wengine wanaivua na kuikalia. Kisha, katikati ya Desemba, wakapewa kofia mpya.

"Siku ya kwanza tulilia," Shukrani alisema. "Watu wazima tunalia. Tuko kwenye shimo la barafu, halafu mama wa Unyamwezi anakuuliza, umekunywa maji? Anakutaja jina. Sauti ya mkubwa wa kikosi unaweza kuigomea. Ya Mayu utaigomeaje?"

"Ilikuwa inawaambia nini?"

"Inuka."

Halafu akanisimulia habari ya mfereji waliotakiwa kuuvuka. Waliambiwa upande wa pili ni salama, kwamba wakibaki mizinga itawamaliza. Mayu akasema inuka, wakainuka. Mwenzake wa Nzega alipigwa tumboni, na Shukrani alimsikia kwenye kofia yake, kwa sababu walikuwa wamelala bega kwa bega: Mayu alikuwa anamwambia pumua, niko hapa, mpaka akaacha kupumua. Kisha sauti ileile ikahamia kwake: Mwache, ameshakwenda. Endelea.

"Upande wa pili kulikuwa salama?" nilimwuliza.

Akainua kile kilichobaki cha mkono wake.

Niliapa mbele yake kwamba sikujua. Alinijibu kwa adabu, "Ndiyo, Mama." Hakuniamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeniamini. Nilipoinuka kuondoka nikamwuliza kama alimwona Kornel.

"Alifika mimi nikiwa hospitali. Wenzangu waliniambia kwamba alipoisikia kofia alicheka, akasema, huyu dada yangu. Wote wakamwonea wivu."

4 Februari

Octavian alikuwa anafungua injini ya pikipiki uani. Nilimwuliza nani alimpeleka Kornel kwa wakala. Akaendelea kufuta spana.

"Baba Julieth. Wakala ni Xavery?"

"Aliniambia ulinzi. Nilimwamini."

"Na ulijua nafanya kazi kwa huyohuyo."

"Nilijua. Nikaona ni familia moja, riziki moja. Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo maana hukuniambia."

Mvua ilianza kunyesha juu ya vyuma vyake, naye hakuvifunika. Nimelala chumba cha Julieth, ambaye yuko shule Nzega na hajui lolote.

6 Februari

Nimekwenda Itetemia kuacha kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Xavery alinivutia kiti.

"Pumzika tu, Mama Julieth. Sauti tunayo. Sasa inajisemea yenyewe, hata maneno ambayo hukuwahi kuyatamka." Akabonyeza kitu, nami nikajisikia nikisema kwa Kinyamwezi safi: Kornel, mama anakusalimu, vaa soksi mbili. Hata kusita kwangu kulikuwemo.

"Mnirudishie mdogo wangu."

"Mkataba wake ukiisha atarudi."

Langoni Bi Tufaha alinishika kiganja. Nilikuwa nimembania zaidi ya miezi miwili, leo nikamwambia yote palepale chini ya mwavuli wake. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Mimi nilidhani wanapiga picha chafu," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza. Nilikuwa nakuonea huruma, na wewe unanikimbia." Kisha akatazama nyumba yake. "Babu yangu aliwakodi vijana wa hapa wakabebe mizigo ya watu hadi pwani. Wengine hawakurudi, na nyumbani kwetu habari zao hazikuwa zikisemwa. Nyumba hii nimewapa mkataba wa mwaka, mwanangu, lakini nitawatoa."

11 Februari

Mvua. Kornel hapatikani.

15 Februari

Mvua. Mto umekata njia ya Ntalikwa. Nashukuru, maana sijui ningemwangaliaje mama.

19 Februari

Naandika kwa mpangilio nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi, wakati naanua nguo kabla ya wingu kufika, gari la Xavery lilisimama nje. Viatu vyake vilikuwa tope tupu. "Twende. Kuna watu wamekwama. Wanakutaka wewe mwenyewe."

Octavian alitoka na spana mkononi. "Haendi." Nilimwambia nakwenda. Nilidhani ni uongo, lakini uongo ambao ndani yake yupo Kornel.

Ndani ya chumba cha magodoro fundi mgeni alikuwa amelowa jasho. Xavery alinieleza haraka. Kikosi kimoja, vijana saba wa kwetu watupu, wamelala handakini tangu usiku na wamegoma. Mtambo unawaambia wainuke, hawainuki. Wamesema hawasikii tena sauti ya mashine. "Dakika chache zijazo mizinga itafika palepale walipo. Mbele kuna majengo. Wakiinuka watapona. Ukinyamaza utawaua wewe."

Nilimtazama machoni. Ndivyo walivyoambiwa wa mfereji. Lakini je, kama safari hii ni kweli? Mtu akizoea kusema uongo, ukweli wake unafanana na nini?

Nikavaa vya masikioni. Kwanza nilisikia pumzi. Watu wengi, pumzi fupifupi, na upepo juu yao.

"Hapa ni Asnath," nilisema kwa kikwetu. "Kornel, upo?"

Sauti yake ikaja, kavu kama ya mzee.

"Umeanza tena."

"Kornel, ni mimi. Dada."

"Jana pia ulikuwa dada. Ulinisimulia mbuzi wa kanisani ili nivuke barabara. Juzi ulinisimulia kisima. Leo una kipi?"

Nilitafuta. Mungu wangu, nilitafuta kitu kimoja cha kwetu ambacho sikuwa nimekitia kwenye kile kipaza sauti. Kihenge nilikitoa. Kifo cha baba nilikitoa. Jina la utani alilolichukia nililitoa siku ya pili, tena nikicheka. Kila nilichotaka kusema walikuwa wameshakitumia.

"Sina," nilimwambia.

Mtu mmoja akacheka kwa mbali, kicheko kibaya. Kornel akasema, "Haya, Mayu. Nikiinuka nitapona?"

Xavery alinishika bega. Sauti yangu ilikuwa inakuja kwenye kioo kwa maneno ya Kiingereza, mtambo unatafsiri, lakini polepole, sentensi nzima nyuma yangu.

"Sijui," nilisema.

"Na nikibaki?"

"Sijui, Kornel. Niko Itetemia kwenye nyumba ya mtu. Nyuma yangu amesimama mwanamume anataka niwaambie muinuke. Simwamini. Lakini kama yuko sahihi mtakufa hapo, na mimi sijui. Sijui chochote."

Nikamsikia Kornel akiwaambia wenzake, na sauti imepasuka katikati:

"Jamani, huyu hajui kitu. Huyu ni dada yangu."

"Vueni kofia," nilisema. "Sasa hivi. Kuanzia leo msisikilize sauti hii tena, hata ikiwa yangu. Amueni wenyewe."

Kioo kikafika kwenye neno kofia. Xavery akaruka, akang'oa waya ukutani, lakini kabla hajaung'oa nilisikia milio midogo, kama vifuniko vya sufuria vinavyofunguliwa, mmoja, mwingine, mwingine. Pumzi moja ilibaki. Sikujua ni ya nani.

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye godoro na viatu vyake vya tope. "Umewaacha viziwi," alisema. "Unajua ulichofanya?"

Nilimwambia sijui. Nimerudi kwa miguu, mvua yote ikaniishia mwilini.

20 Februari

Hakuna habari.

23 Februari

Hakuna habari. Octavian ameweka chai mlangoni mwa chumba cha Julieth, akaondoka.

27 Februari

Bi Tufaha alikwenda na wakili wa mwanawe na askari kata. Nyumba tupu. Wamebeba hata magodoro. Bi Tufaha anasema Xavery alimwachia ufunguo na salamu za kunifikishia: sauti inaendelea na kazi.

Ina maana mahali fulani, wakati naandika, ninamwambia mtoto wa mtu ainuke.

16 Machi

Simu ya namba ndefu. Mwanamke wa shirika la msaada, anaongea Kiswahili cha kujifunza. Mwanzoni nilimtukana, nikidhani ni wao. Alikuwa mvumilivu. Kornel yuko hai. Yeye na wenzake watano walitoka handakini alfajiri ya siku iliyofuata mikono juu, wakajisalimisha kwa upande wa pili. Mizinga iliyoahidiwa haikuja siku ile. Ilikuja kesho yake, asubuhi, wakati wao hawapo.

Niliuliza, walikuwa saba. Wa saba?

Masolwa, wa Igunga. Alikuwa kijana mwoga, akataka kusikiliza kidogo tu. Wengine walipokuwa wanamvuta avue, kofia yake ikaanza kuongea tena. Aliinuka mchana ule peke yake, akaenda mbele.

22 Machi

Tumekwenda Igunga kwa pikipiki, mimi nyuma ya Octavian. Sikumwomba. Alisema tu, "Njia ni mbaya, nitakupeleka." Sijamsamehe, lakini leo nimemshika kiuno.

Mama yake Masolwa alikuwa anachambua mchele. Hakuna kaburi, hakuna mwili. Alikuwa ameambiwa winchi. Nikamwambia ukweli wote, na Octavian amesimama karibu na mti wa ua akishika kofia yake ya pikipiki, hajui aiweke wapi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja.

"Mara ya mwisho alikuwa anaongea na nani?"

"Na sauti yangu."

Aliendelea kuchambua. Aliokota mawe mawili, akayatupa. "Ondoka kabla wanangu hawajarudi kutoka malishoni," alisema. "Wao hawatakusikiliza kama mimi."

19 Aprili

Kornel amefika kwa treni, shirika la msaada ndilo lililomrudisha. Nilikaa nyuma ya umati, mama akamkumbatia. Amekonda, masikio yana makovu ya kofia. Nilipokaribia nikasema, "Karibu nyumbani," kwa kikwetu, bila kufikiri. Mwili wake wote ulikakamaa, magoti yakapinda nusu, begi likaanguka. Alinitazama. Alijua ni mimi. Mwili ndio haukujua.

Tangu hapo nanyamaza anapokuwepo.

26 Aprili

Nimeshinda Ntalikwa, tunavuna karanga za mama. Wiki nzima nimekuwa naongea na Kornel kwa mikono kama bubu. Mama anatusemea wote wawili, na leo alikuwa amekwenda kanisani.

Tulikuwa tuta moja, yeye upande wake. Akasema bila kuinua kichwa, "Dada, sema kitu. Chochote. Ila kisiwe cha kuniambia nifanye."

Nilifikiri sana. Sikuwahi kujua kwamba shambani karibu kila neno ni amri: leta, shika, sogea, ngoja. Mwisho nikasema, kwa Kinyamwezi, "Za upande huu zimeoza."

Mikono yake ilisimama udongoni. Mabega yakapanda. Nilikaa nikiyatazama, nikijutia kila neno, hadi yaliposhuka.

"Zimeoza kweli," alisema. "Mvua ilizidi."

"Ilizidi."

Mvua sasa zimekwisha, ardhi imeanza kukaza, kwa hiyo kila shina linang'oka kwa shida. Tuling'oa mpaka mwisho wa tuta, yeye kwake na mimi kwangu, pasipo mtu kumwambia mwenzake afanye nini.